Ulingo Ulioelekea Jua

Limi Masele alikuwa na miaka hamsini na saba, na arobaini na tisa kati ya hiyo alikuwa ameimaliza akiwapigia ndege kelele. Alianza akiwa na miaka minane kwenye majaruba ya mpunga ya baba yake, akaendelea kwenye ya mumewe, na mumewe alipofariki akabaki nayo peke yake, kijijini kwao, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka Segese. Kila mwaka mpunga unapoanza kuinamisha vichwa, yeye hupanda ulingoni kabla jua halijachomoza, kombeo mkononi na madongo ya udongo miguuni, kamba za makopo zimetandazwa kila upande, na hashuki mpaka ndege wamekwenda kulala. Kuamia ndege ni kazi isiyo na shukrani. Ukiifanya vizuri hakuna anayeona, maana mpunga uko pale pale ulipokuwa. Ukisinzia robo saa, kijiji kizima kinakuja kuangalia mabua.

Basi mtu aelewe hasira aliyoipata siku binti yake alipompigia simu kumwambia kwamba amepata kazi ya kuwaonyesha watu ndege.

"Kuwaonyesha ili wafanyeje?" aliuliza Limi.

"Wawatazame tu, mama."

Limi alikata simu, akasingizia mtandao.

Binti huyo, Vumilia, alikuwa amesomeshwa chuo cha wanyamapori kwa magunia ya mpunga, na Limi muda wote alikuwa akijua kwamba mtoto atatoka na bunduki begani, akakamate majangili, jambo ambalo mzazi anaweza kulisimulia hata nje ya kanisa. Badala yake alikuwa amewekwa kwenye majaribio ya miezi mitatu katika hifadhi moja iliyo ufukweni mwa Ziwa, upande wa Geita, na majaribio yenyewe ni kuongoza wageni wakatazame ndege. Ndege wale wale. Limi alijaribu kumweleza jirani yake Sikujua, na Sikujua akacheka mpaka akakaa chini.

Mwaka wenyewe haukuwa wa kuchekea. Bega la kulia la Limi, lile la kurushia kombeo, lilikuwa limegoma tangu Krismasi. Kweleakwelea walikuwa wameingia mapema na kwa wingi ambao haujaonekana miaka mingi, wakija kama moshi, wakitua jaruba hili na kuhamia lile. Limi alimtaka binti yake nyumbani, tena mara moja. Waamie pamoja, wavune pamoja, kisha Vumilia aende Kahama kwa shangazi yake Suzana, ambaye alikuwa amemshikia nafasi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Hiyo ni kazi. Ina vumbi, ina kelele, na mtu akiuliza unafanya nini unamjibu kwa neno moja.

Vumilia hakubisha. Hajawahi kuwa mtoto wa kubisha, na hilo nalo lilimchosha mama yake, kwa sababu mtu asiyebisha huwezi kumshinda. Alisema tu kwamba majaribio yanaisha Jumamosi, kwamba siku hiyo kila mwongozaji anaruhusiwa kuja na mzazi mmoja kwenye nafasi iliyobaki kwenye boti. "Njoo uone, mama. Ukishaona, na bado ukasema nirudi, nitarudi na wewe Jumapili hiyo hiyo."

Limi alijua mtoto wake akisema jambo halibadilishi. Akampigia Sikujua magoti, karibu kweli, amshikie majaruba siku tatu. Sikujua akasema tatu, si nne. Ijumaa alfajiri Limi akapandia basi Segese, akala vumbi la barabara ya migodini mpaka Geita, akabadilisha gari mara mbili, na jioni akashuka mwaloni, pale boti zinapoegesha, akiwa hajisikii kuona chochote. Alikuwa amekuja kumchukua mtu wake.

Sheria zilianza kesho yake asubuhi, kabla hata hajapanda boti. Kanga yake nyekundu, ile nzuri, ilionekana ina rangi kali mno kwa ndege. Akapewa koti la kijani lililonuka samaki. Juu ya koti akavishwa jaketi la kuokolea maisha lililombana kifua. Akaambiwa asiongee kwa sauti, asinyooshe mkono ghafla, asicheke. Halafu yakaja masuala ya matobolwa. Limi alikuwa amefunga kwenye kitambaa matobolwa yake, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani mpaka vikawa vigumu, chakula cha mtu wa kukaa juu siku nzima. Mkuu wa waongozaji, Nestory, mtu wa Ushirombo mwenye maneno machache na daftari kubwa, aliyatazama, akamwamkia vizuri, "Shikamoo mama," kisha akaomba kwa heshima kwamba asiyatafune kule juu, kwa kuwa yana mlio.

"Marahaba," alijibu Limi, akayafunga tena kitambaani huku akijisemea moyoni. Kwa hiyo ndege wakila, ni sawa. Mtu akila, ni kelele.

Mgeni mwenyewe wa siku hiyo, yule ambaye Vumilia alipaswa kumwongoza huku Nestory akipima, alikuwa Mwalimu Davis, mstaafu kutoka Ngokolo, Shinyanga mjini. Mzee mpole, kofia ya kitambaa, darubini yake mwenyewe shingoni. Kwenye boti alimweleza Limi kwamba alikuwa amewachorea watoto korongo taji ubaoni kwa miaka thelathini, lakini hajawahi kumwona akiwa na makinda. Amekuja mara mbili, amerudi mikono mitupu. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho, kwa sababu magoti yake hayapendi tena ngazi. Limi alimwitikia kwa adabu na kujiuliza kimoyomoyo ni ugonjwa gani huu uliowapata watu waliosoma.

Boti ilipoegesha kwenye kinamasi na wakatembea mpaka chini ya mnara wa kutazamia ndege, Limi alisimama akashika kiuno. Nguzo nne, sakafu ya mbao, paa la nyasi, ngazi.

"Huu ni ulingo," alisema.

Vumilia akanong'ona kwamba ni mnara, mama.

"Ni ulingo, na umejengwa na mtu asiyejua. Ulingo gani unaelekezwa mawio? Asubuhi yote mtakaa na jua machoni."

Nestory alisikia. Alilitazama jua, akautazama mnara, akashughulika na kufunga kamba za viatu. Vumilia alikuwa amefumba macho kidogo, kama mtu anayehesabu mpaka kumi.

Walipanda. Ikawa kama Limi alivyosema, jua liliwapiga usoni, na Mwalimu Davis akawa anatazama kwa jicho moja chini ya kofia. Limi alipewa darubini ya hifadhi, akaona kope zake mwenyewe, akairudisha. Saa moja ikapita, ikawa saa mbili. Chini yao matete, nyuma ya matete majani marefu yenye mbegu, na nyuma yake maji. Wale wengine watatu walikuwa wamekaa wima, hawakohoi, hawajikuni. Limi akawaza majaruba yake. Wakati huu Sikujua amelala au yuko macho? Akawaza bega. Akawaza kwamba kuna watu wanaotoa nauli kutoka Shinyanga kwenda kukaa ulingoni bila mpunga wa kulinda. Hasira ikampanda hadi akaona usingizi.

Ilipokaribia saa tatu, Vumilia aligusa mkono wa Mwalimu kwa kidole kimoja. Matete yaligawanyika, akatoka korongo taji, na wa pili nyuma yake, warefu, mashavu meupe, vishungi vya dhahabu vikiwaka juani. Kwenye majani miguuni mwao kitu kilikuwa kinatikisika. Mwalimu aliinua darubini.

Limi aliwajua. Walikuwa wakija majarubani kwao enzi Vumilia ananyonya. Mumewe aliwafukuza kwa mbwa, yeye aliwafukuza kwa kombeo, na kuna mwaka hawakuja, na hakuna aliyeuliza. Hakuwa amewafikiria tangu wakati huo. Sasa alikuwa anajaribu kukumbuka ulikuwa mwaka gani, na pengine ndiyo maana hakujiandaa, kwa sababu sekunde hiyo hiyo kundi la ndege wadogo wa rangi ya udongo lilishuka kutoka kulia, likatua kwenye yale majani yenye mbegu, na mashuke yote yakainama kwa pamoja.

Miaka arobaini na tisa haiombi ruhusa. Limi alikuwa amesimama kabla hajajua amesimama. "Hoyaaa! Hoyaaa!" Sauti ilitoka yote, ile ya kuvuka majaruba manne. Mkono wa kulia ukaenda nyuma ukarudi, bega likapiga kelele lake lenyewe, na kipande cha matobolwa alichokuwa amekificha kiganjani kikaruka juu ya matete na kutua kwenye maji, chubwi, hatua mbili kutoka kwa korongo.

Kinamasi kizima kiliondoka. Wadogo walikwenda, yangeyange wakaenda, bata ambao hakuna aliyekuwa amewaona wakaenda, na korongo wawili wakainuka taratibu, wakilia kwa sauti nzito, wakavuka maji hadi upande wa pili.

Limi alikaa. Mwalimu Davis alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

Nestory alifungua daftari. "Mgeni wa nani huyu?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ni mama yangu," alisema Vumilia. "Mgeni wangu." Hakuinua sauti wala hakumtazama mama yake. Alikuwa anatazama majani. "Makinda hawajaruka, bado hawawezi. Wamelala chini, kushoto kwa ule mti mkavu. Wako watatu, niliwahesabu juzi. Tukinyamaza saa moja, mama yao atarudi."

Saa moja. Hakuna aliyemwambia Limi anyamaze, na hakuhitaji kuambiwa. Aliibana mikono yake katikati ya magoti akaiweka hapo. Alikuwa na hasira na ndege, na hifadhi, na Nestory na daftari lake, na aliyeelekeza ulingo juani, na alipomaliza orodha hiyo yote alijikuta amebaki mtu mmoja, yeye mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyokuwa inauma zaidi. Amekuja kumtoa mtoto kazini na huenda amemtoa kweli, lakini si hivi. Hivi hakutaka.

Wadogo walikuwa wa kwanza kurudi. Hawana aibu wale. Walitua pale pale, karibu kiasi cha kuwasikia wakipasua mbegu, wakala mbele ya macho ya Limi Masele, naye akakaa. Kila shuke lililoinama lilimchoma. Ili asitazame shamba lile, ambalo si la mtu, aligeuza uso, akamtazama binti yake.

Vumilia alikuwa amekaa mdomo umefunguka kidogo, kichwa kimeinama upande, macho hayapepesi. Limi aliujua uso ule. Aliwahi kuukuta ulingoni kwake miaka kumi na sita iliyopita, mtoto akiwa na miaka minane. Alimwachia zamu akaenda kisimani, akarudi akakuta kona nzima ya jaruba imeliwa, ndege bado wako juu yake kama mkeka, na mtoto amekaa amewaelekea, mdomo wazi, hajapiga hata kopo moja. Limi alivunja fimbo. Alimchapa mpaka majirani wakaja. Na tangu siku hiyo kila mgeni akija nyumbani alisimuliwa habari za Vumilia, mtoto anayelala macho wazi, na watu wakacheka, na Vumilia mwenyewe akacheka nao kwa sababu alikuwa hana la kufanya.

Limi alisogea mpaka mdomo wake ukawa sikioni mwa binti yake.

"Siku ile ya kona ya jaruba," alinong'ona. "Ulikuwa umelala?"

Vumilia hakutoa macho kwenye majani.

"Sikulala, mama."

Limi alirudi mahali pake. Alitamani kusema jambo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akashukuru kwamba hairuhusiwi.

Korongo mama alirudi kabla ya saa kuisha. Alitua mbali, akatembea kwa hatua za kujisikia, akaita kwa sauti ndogo, na kutoka kushoto kwa mti mkavu wakatoka makinda wawili, wenye manyoya ya njano na miguu isiyojua iende wapi. Mwalimu Davis alilia waziwazi, darubini ikiwa machoni, machozi yakishuka chini yake. Vumilia alikuwa anamtafuta wa tatu na hakumpata. Nestory naye hakumpata. Walitembeza macho kwenye kinamasi chote na jua lao machoni, hadi Limi akachoka nao. Akamgusa Vumilia na kuchongoa midomo kuelekea bua moja lililokuwa linatikisika kinyume na upepo. Mtu aliyelinda mpunga maisha yake yote anajua bua lenye mdudu na bua lenye ndege. Kinda wa tatu akatoka hapo.

Kwenye boti Limi hakuweza kuvumilia. Alimwuliza Nestory uso kwa uso ameandika nini kwenye hilo daftari. Nestory akalifungua, akasoma. "Saa tatu kasoro dakika tano, mgeni mmoja alipiga kelele na kurusha chakula. Mwongozaji hakubabaika. Alijua makinda walipo na muda wa kungoja." Akafunga. Akamwambia kwamba nafasi ya Vumilia ipo, ila Jumatatu asubuhi lazima awepo mwenyewe kusaini. Asipokuwepo atapewa anayefuata. Halafu, akitazama maji, akauliza, mnara ukijengwa upya, uelekee wapi. Limi alimweleza kwa kirefu. Hakuna aliyekuwa amemwuliza swali la maana tangu Ijumaa.

Jumapili asubuhi, gari la kwenda Geita lilipokuwa linapakia mwaloni, Vumilia alikuja amevaa nguo za safari, begi kubwa mgongoni, koti la kazi amelikunja vizuri mkononi ili alirudishe.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama yake kwa lugha ya nyumbani.

"Mwangaluka. Hilo begi la nini?"

"Niliahidi. Umeona, na hujasema nibaki."

Limi aliliangalia begi. Alifikiria bega lake. Alifikiria kweleakwelea wakishuka, na Sikujua aliyesema tatu si nne, na Suzana wa Kahama ambaye sasa atamnunia mwaka mzima. Mpunga haukuwa umesogea hata inchi moja kwa sababu ya korongo yeyote. Kila alichokuja nacho kilikuwa bado kweli, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

"Mimi sijaona," alisema. "Nilikuwa na jua machoni. Makubaliano ni mpaka nione, na ulingo wenu umejengwa vibaya, sasa nitaonaje? Waujenge upya kwanza. Wakishaujenga nitakuja, nitaona, halafu ndiyo nitasema."

"Mama, kuujenga huko kunaweza kuchukua mwaka."

"Sasa mimi nifanyeje? Mimi ndiye fundi wao?" Akamnyang'anya begi, akalitua mchangani, akapanda gari. Dirishani akatoa kitambaa cha matobolwa akamtupia. "Usiyatafune kule juu," alisema, na gari likaondoka kabla uso wake haujaonekana.

Wiki ile kweleakwelea walikuja kila siku. Limi alirushia mkono wa kushoto, madongo yakaenda kokote, akapiga makopo kwa mguu, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, akawatukana kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Watu waliopita barabarani waliuliza Vumilia yuko wapi, mbona haji kumsaidia, naye akawajibu yuko kazini, kwa sauti ya mtu asiyetaka swali la pili.

Ijumaa jioni Sikujua alipita kwenye tuta na ndoo ya maji kichwani, akasimama. Kona ya jaruba la chini, upande wa machweo, ilikuwa imeliwa, si kubwa, kama upana wa kitanda, mashuke meupe yamesimama bila kitu. Limi alikuwa juu ya ulingo, kombeo mapajani, amekaa ameielekea kona hiyo hiyo.

Sikujua aliitazama ile kona, akamtazama yeye. Kwa miaka yote waliyokuwa majirani hakuwahi kuona jambo kama hilo.

"Mama Vumilia," aliuliza, "ulikuwa umelala?"

"Sikulala," alisema Limi, akaanza kushuka ngazi.